Shajara ya Mradi wa Desemba: Mkate, Kivuli na Shing'weng'we

1 Desemba

Mradi umepitishwa na baraza la nyumba, yaani watoto watatu, baba yao na mimi. Kwa sisi tunaofundisha watoto nyumbani, Desemba ina kero yake. Huku Bwiru, Mwanza, mtaa mzima umejaa watoto waliofunga shule, na wa kwangu wanauliza wao wanafunga lini. Tumekubaliana kwamba madaftari ya hesabu yanafungwa mpaka Januari, ila kazi haifungwi. Kifungua mimba, mwenye miaka 13, amechukua sayansi. Wa kati, miaka 10, amechukua maigizo, na hakuna aliyeshangaa, maana huyo hata kuomba chumvi mezani anaigiza. Kitinda mimba wa miaka 6 amechukua kuoka, kwa sababu zinazojulikana.

Swali la kuanzia limetoka kwa huyo mdogo. Mjini maduka yameshapamba miti ya Krismasi na kuitandazia pamba juu ya matawi. "Mama, kwa nini sikukuu ya kwenye picha ina theluji na ya kwetu ina mvua?" (Pamba ya Usukuma imetuvalisha, imetusomesha, sasa inaigiza theluji.) Kifungua mimba akajibu papo hapo kwamba wakati huu wa mwaka Ulaya iko mbali na Jua. Nikamwambia aandike jibu lake, aweke tarehe, tutalirudia.

4 Desemba

Kabla ya kuoka chochote tumeichunguza hamira. Chupa tatu za nusu lita, kila moja kijiko cha hamira na kijiko cha sukari. Ya kwanza tukaitia maji ya friji, ya pili maji vuguvugu, ya tatu maji yaliyotoka kuchemka, halafu kila mdomo ukavalishwa puto. Baada ya nusu saa puto la vuguvugu lilikuwa limesimama wima. La baridi lilining'inia, likaja kuinuka mchana maji yalipopata joto la chumba. La moto halikuinuka mpaka jioni.

Kitinda mimba ametoa taarifa: ya moto imekufa, ya baridi ilikuwa imelala. Sina cha kumsahihisha. Hamira ni kuvu hai wa seli moja moja, wanakula sukari na kutoa hewa ya ukaa na kileo kidogo. Baridi inawapunguzia kasi tu, lakini maji yenye nyuzijoto 60 na kuendelea yanawaua.

Hapo hapo ikazuka kazi ambayo haikuwa kwenye mpango. Kifungua mimba alitumbukiza kipimajoto kwenye sufuria ya maji yanayotokota, kikasoma 96 na kugoma hapo. Akakilaumu kipimajoto. Nikamtuma kwenye ramani akatafute mwinuko wa Ziwa Victoria, akarudi na jibu: uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila unapopanda kama mita 300, hewa inayokandamiza maji inapungua kiasi cha kuyafanya yachemke nyuzi moja mapema. Kwa hiyo chungu cha Dar es Salaam kinatokota kwa nyuzi 100 na cha Mwanza kwa 96, na maharage hayajui kutokota, yanajua joto. Baba yao akasema sasa ana utetezi wa kisayansi siku ya zamu yake ya kupika.

6 Desemba

Mikate mitatu midogo, yote kwa kipimo kimoja: gramu 250 za unga, kijiko cha chai cha hamira, kijiko cha chakula cha sukari, chumvi kidogo, mafuta kidogo. Wa kwanza ngano tupu. Wa pili nusu ngano, nusu unga wa muhogo. Wa tatu ngano iliyokandwa na viazi lishe vilivyochemshwa na kupondwa, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa.

Oveni hatuna. Tuna sufuria kubwa la sherehe, na ndani yake tumemwaga mchanga mkavu wa vidole viwili kwenda juu, uliooshwa na kuanikwa. Juu ya mchanga tunaweka kigoda cha chuma, juu ya kigoda chombo cha mkate, kisha mfuniko, na mkaa juu ya mfuniko. Kanuni ya mama yangu ni moto mwingi juu, mdogo chini, kwa sababu chini kuna mchanga unaotunza joto, na mkate unaoungua kitako hauna dawa. Hakuna namba za kusoma popote. Tunatupia unga kidogo kwenye kisahani ndani ya sufuria: ukigeuka kahawia taratibu, moto uko sawa, ukigeuka mweusi upesi, unapunguza mkaa.

Ngano tupu iliumuka mara mbili ya ilivyokuwa. Ya muhogo ilipanda kidogo, ikapasuka juu, ikatulia. Hapa ndipo somo lilipokolea, na tulikaa nalo muda kuliko nilivyopanga. Tulichukua donge la kila unga, tukaliosha chini ya bomba kwa vidole. Donge la ngano lilimwaga maji meupe mpaka likabaki kitu cha kunata, cha kuvutika, kilichokataa kuisha. Donge la muhogo liliisha lote mkononi. Kile cha kuvutika ni gluteni, protini za ngano zinazoshikana na kuwa wavu unaonasa hewa ya hamira. Muhogo karibu wote ni wanga, wavu hauna, hewa inajipitia. Hamira ilifanya kazi ileile kwenye yote mitatu.

Wa viazi lishe ulipanda wastani, ukatoka laini na rangi nzuri. Rangi hiyo ni beta-karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Ndiyo maana viazi hivi vinahimizwa sana huku Kanda ya Ziwa, na watafiti wa Ukiriguru kule Misungwi wamevishughulikia miaka mingi. Kitinda mimba ameandika kwenye ukurasa wake: "maji yapungue". Sahihi kabisa, viazi vinakuja na maji yake.

Kura ya ladha: watoto wote ngano tupu, mimi viazi, baba muhogo, eti unakaa na chai. Mtu wa Ukerewe huyo, muhogo hausemi vibaya.

9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, tumekwenda Kisesa kwa bibi yao. Tukaanzia Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Wa kati alikuwa na daftari lake la maigizo. Kilichomkamata ni habari za vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu. Katika mashindano vyama hivi vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watazamaji wanahama kwa miguu kuelekea kunakonoga. Upande uliojaza watu ndio umeshinda. Hakuna meza ya majaji wala kadi za alama. Ameniambia njiani: "Mama, kumbe hata ukicheza vizuri, watu wakiondoka umeshindwa." Nimemwachia wazo hilo bila kuliongezea.

Jioni bibi alisimulia Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo yote, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Mtoto akakua akiuliza baba yuko wapi, na alipoambiwa akaanza kuwinda zimwi asilolijua. Anamletea mama yake panzi: "Huyu ndiye Shing'weng'we?" Siye, mwanangu, huyo ni panzi. Siku nyingine ndege. Siku nyingine mnyama mkubwa zaidi. Mpaka anakutana na mwenyewe, analiua, analipasua tumbo, watu wanatoka wazima.

Wa kati akafunga daftari: igizo limepatikana. Bibi akamwambia, "Fungua, mjukuu wangu, sijamaliza." Wakati wa kupasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa tumboni. Huyo bibi hakushukuru kuokolewa, alidai sikio lake, akataka kumdhuru kijana, hadi Masala Kulangwa alipotafuta dawa ya kumponya. Baada ya hapo ndipo walipompa utawala. Wa kati aliona sehemu hiyo inaharibu mwisho mzuri. Wakabishana mpaka chakula kikapoa. Bibi hakusogea hata kidogo: hadithi bila sikio apelekewe mtu mwingine.

13 Desemba

Igizo litakuwa la vivuli, kwa sababu tuko watano na tumbo la Shing'weng'we linahitaji kijiji kizima. Shuka jeupe limefungwa kati ya nguzo mbili za baraza, taa nyuma, vikaragosi vya maboksi kwenye vijiti.

Taa ya kwanza ilikuwa karabai ya marehemu babu, aliyovulia dagaa enzi hizo. Siku hizi wavuvi wengi wana taa za sola, lakini kazi ni ileile, kuwavuta dagaa usiku wa giza wakati hakuna mwezi wa kushindana na taa. Karabai ilitupa mwanga mwingi na vivuli vyenye kingo za ukungu. Tochi ya simu ikatoa vivuli vilivyokatwa kwa wembe. Kifungua mimba ndiye aliyeeleza, na alieleza vizuri: utambi wa karabai ni mpana, kila sehemu yake inatupa kivuli chake pembeni kidogo ya kingine, vikipandana kingo zinafifia. Tochi ni nukta tu. Tumechagua tochi, na mimi nimefurahi kwa sababu yangu, karabai na shuka si majirani wema.

Halafu likaja suala la ukubwa. Wa kati alitaka zimwi linalokua mbele ya macho ya watu. Tuliweka tochi mita 2 kutoka kwenye shuka. Kikaragosi cha sentimita 20, kikiwa nusu mita kutoka kwenye tochi, kilitoa kivuli cha sentimita 80. Kikisogezwa mpaka robo mita, kivuli kikawa mita 1 na sentimita 60. Watoto wakagundua wenyewe kwamba ukipunguza umbali nusu, kivuli kinazidi mara mbili, wakachora pembetatu zake ukutani kwa chaki bila kuniomba ruhusa. Nimeamua kutouliza habari za ukuta.

16 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Kopo letu la kupimia lina milimita 31. Mvua za ziwani zinapenda usiku na asubuhi. Nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, pepo zinashuka kutoka kandokando kuelekea ziwani, zikikutana juu ya maji yenye joto hewa inapanda na ngurumo zinaanza.

Kati ya mvua na mvua tumetengeneza kituo cha kivuli kwenye mwamba bapa nyuma ya nyumba. Bwiru mawe hatununui. Fundi ujenzi jirani ametuazima pima maji na timazi. Ubao umelazwa sawasawa, na katikati yake limesimamishwa bomba la plastiki lenye urefu wa mita 1 kamili. Mtoto aliyezoea vivuli vya shuka sasa anauliza tochi kubwa kuliko zote iko upande gani. Hapo nilijua mradi umeshikana.

Shangazi yao wa Mbeya ameombwa asimamishe bomba la urefu huohuo uani kwake. Amejibu, "Wanangu, mwaka jana mlinipa kuhesabu vipepeo, mwaka huu vivuli. Haya, semeni saa ngapi."

21 Desemba

Leo Jua limefika mwisho wa safari yake ya kusini, liko juu ya Tropiki ya Kaprikoni, nyuzi 23.4 kusini mwa ikweta. Sisi tuko nyuzi 2.5 tu kusini. Mawingu yalikuwepo asubuhi, saa tano yakafunguka.

Tuliweka alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Kitinda mimba alikuwa na hakika kwamba saa sita kamili kivuli kitaisha, kwa kuwa mwalimu wa kwenye redio alisema ikweta Jua linakuwa utosini. Saa sita ikafika, kivuli kipo, na bado kinapungua. Kilifika ufupi wake wa mwisho saa saba kasoro robo hivi, sentimita 38, kikielekea kaskazini.

Maswali mawili, basi. Kwa nini kimechelewa? Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45, ambayo kwa Tanzania iko baharini, mashariki ya mbali ya Zanzibar. Mwanza iko karibu nyuzi 33. Tofauti ni nyuzi 12, na Dunia inazunguka nyuzi moja kwa dakika 4, kwa hiyo Jua linatufikia dakika 48 baadaye. Baba yao, ambaye husema saa za Mwanza zinakimbia kuliko tumbo lake, amedai fidia ya chakula cha mchana.

Na kwa nini kipo kabisa? Kifungua mimba alichora pembetatu kwa kipimo, akapima kwa kipimapembe, akapata nyuzi karibu 21. Kikokotoo kikasema 20.8. Na 23.4 ukitoa 2.5 ni 20.9. Alikaa kimya, akaikokotoa tena kwenye ukurasa mpya.

Kisha akaichora London, iliyo nyuzi 51.5 kaskazini. Leo saa sita mchana bomba letu kule lingetupa kivuli cha mita 3 na sentimita 70. Tukamulika karatasi kwa tochi, kwanza wima, halafu kwa mshazari. Duara dogo kali likawa yai refu hafifu. Mwanga ni uleule, umetandazwa kwenye eneo kubwa, na juu ya hapo mchana wao leo haufiki urefu wa saa 8 wakati wetu unazidi saa 12. Hiyo ndiyo theluji ya kwenye picha.

Akafungua jibu lake la tarehe 1 na kulipigia mstari, kwa sababu mwanzoni mwa Januari ndipo Dunia inapokuwa karibu zaidi na Jua, kilomita milioni 147 hivi, na mwezi wa Julai ndipo inapokuwa mbali, milioni 152. Theluji inaletwa na kuinama kwa mhimili wa Dunia.

Wa kati akachomekea: "Na Kilimanjaro je? Iko sambamba na sisi." Swali zuri kuliko yote ya mwezi huu. Kivuli cha bomba kule Kilimanjaro leo kingekaribiana na chetu. Lakini joto linapungua kama nyuzi 6 na nusu kwa kila kilomita unayopanda, na kilele, mita 5,895, kiko karibu kilomita 5 juu ya ziwa letu. Toa nyuzi 31 kwenye mchana wa Mwanza wa nyuzi 25, uko chini ya sifuri. Kuna njia mbili za kupata theluji, basi, na Tanzania inayo moja.

23 Desemba

Mbeya walikuwa na mawingu siku mbili. Haikudhuru, kwa kuwa siku hizi Jua karibu limesimama, kivuli cha tarehe 23 hakitofautiani na cha 21 kwa kipimo chetu. Leo shangazi ametuma picha: sentimita 26. Hiyo ni nyuzi 14.6.

Mwanza na Mbeya ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, bahati ambayo Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria huko Misri, aliipata kwa Alexandria na Aswan alipokadiria mzunguko wa Dunia kwa vivuli zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Tofauti ya pembe zetu ni nyuzi 6.2. Kwa rula kwenye ramani ya ukutani, umbali wa moja kwa moja ni kilomita 700. Duara zima ni nyuzi 360, sawa na 6.2 mara 58 hivi. Watoto wakazidisha: mzunguko wa Dunia ni kilomita 40,600 na ushee. Vitabu vinasema takriban 40,000.

Kwa bomba mbili za plastiki! Shangazi alipopigiwa simu alicheka mpaka akaomba tumwambie tena namba.

25 Desemba

Misa, pilau, mkate wa viazi wenye maji yaliyopungua. Umepanda vizuri zaidi. Hakuna kilichopimwa leo.

26 Desemba

Igizo limechezwa Kisesa, uani kwa bibi, giza lilipoingia. Ndugu, majirani, watoto wasio na idadi. Binamu wawili walipiga ndoo za plastiki, mjomba akaomba jembe, akalirusha na kulidaka kwa mapigo ya bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ya majembe, jambo ambalo halikuwemo kwenye hati na limeshaingizwa. Kitinda mimba alikuwa sauti ya panzi na alikataa kutoka jukwaani baada ya panzi kuondoka.

Zimwi lilipoanza kukua kwenye shuka, kutoka sentimita 80 hadi kupita kimo cha baba yao, watoto wadogo walirudi nyuma hatua kadhaa. Wa kati aliona vichwa vikisogea, akakumbuka Bagika na Bagalu, akashusha sauti kidogo na kulirudisha zimwi nyuma mpaka wakakaribia tena. Hilo sikumfundisha mimi.

Sikio lilikatwa. Sehemu ile aliyoiona inaharibu mwisho ndiyo iliyochekesha kuliko zote, kwa sababu bibi mwenyewe, kutoka kwenye kiti chake, alianza kudai sikio kwa sauti ya bibi kizee, na kivuli kikalazimika kujibizana naye. Majadiliano ya fidia yalichukua muda mrefu kuliko kuliua zimwi.

30 Desemba

Yaliyobaki. Mkate wa muhogo unarudiwa kwa robo ya muhogo badala ya nusu, baba ameahidi kura ya haki. Hati ya igizo inaandikwa upya, mjomba na jembe lake ndani. Ukuta wa baraza unahitaji kupakwa chokaa.

Bomba linabaki pale mwambani. Jua limeanza kurudi kaskazini, litapita utosini mwa Mwanza katikati ya Machi na mchana huo kivuli hakitakuwepo. Mbeya itatutangulia kwa majuma mawili hivi, mwishoni mwa Februari. Shangazi ameshaambiwa, na ameuliza kama anaruhusiwa kualika majirani.